Mkono wa Kushoto wa Fundi

Fundi alikuwa na mikono miwili kama watu wote, lakini uliokuwa ukimlisha ni mmoja tu. Ule wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa spana na nyundo, wa kusalimia watu na wa kulia ugali, umejaa makovu na oili iliyogoma kutoka. Wa kushoto aliutunza. Aliuosha kwa sabuni ya mche kila alipomaliza kazi, akaupaka mafuta ya mgando, na akiukuta na mchubuko alinuna siku nzima. Huo ndio mkono aliousikilizia gia. Na ndio uliomwacha kabla ya siku zake kwisha, nami nataka kueleza ulivyomwacha, maana hapa Runzewe watu wamesema mengi, na mengi ni upuuzi mtupu.

Kwao sikujui. Alikuwa Msukuma kwa matamshi, gari alisema "gali" mpaka kufa, lakini ni wa ukoo gani na alijifunzia wapi ufundi sikumuuliza, na angeniambia nishike adabu yangu. Nilimkuta hapa na banda lake la mabati, pembeni ya barabara ya kwenda Geita. Mimi nilifika na landrova.

Landrova yenyewe aliniachia marehemu mume wangu, na ilikuwa kuukuu tangu siku aliyoinunua. Ndugu zake waliitaka. Nikawaambia, mkinikuta nimeshindwa kuiendesha mje muichukue. Mimi nina mdomo, wanaonijua wanajua. Lakini gari haliendeshwi kwa mdomo, na ile gari ilikuwa inanichezea: gia ya kwanza inakataa kuingia inapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa, ya pili inaingia halafu ukiondoa mguu kwenye mafuta inachomoka, unajikuta unateremka mlima na gari haina gia. Nilijifunza kuibana ile ya pili kwa goti. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwa Fundi mara ya kwanza, goti limevimba.

"Mwangaluka, mayo," akanisalimu kikwao. Mayo ni mama, ndivyo wanavyomwita mwanamke kwa heshima. Halafu akaangalia goti langu, akaiangalia landrova, akacheka bila huruma. "Mmegombana?"

Akapanda kwenye usukani, akawasha injini, akafumba macho. Mkono wa kushoto akauweka juu ya kirungu cha gia, taratibu, unavyomwekea mtoto mwenye homa mkono kwenye paji la uso. Akakaa hivyo. Nikataka kuongea, akaninyamazisha kwa mkono mwingine. Kisha akazima, akashuka, akasema bushi fulani ndani ya giaboksi imelika, na uma unaosukuma gia ya pili umeisha ncha upande mmoja. Aliposhusha giaboksi na kuifungua mbele yangu, mambo yakawa hayo hayo.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Sikio linadanganywa na injini. Mkono haudanganywi." Akauinua ule mkono msafi. "Ninyi mnaudharau, hamtoi kitu kwa mkono wa kushoto, hamsalimii nao. Lakini kwenye gali zetu hizi gia iko kushoto. Mkono mnaoudharau ndio unaowafikisha."

Alifufua ule uma kwa kuujazia shaba kwenye moto wake, akauchonga kwa tupa mpaka ukakaa. Halafu akakataa kunikabidhi gari. Akasema amelitengeneza gari, sasa anamtengeneza dereva.

Landrova zile za zamani, gia ya kwanza na ya pili hazina pete za shaba ndani za kuzisaidia kuingia. Zinadai adabu. Fundi alikuwa na somo lake moja, na kila dereva wa Runzewe wa miaka ile ya tisini alilipata kwa matusi: "Gia haisukumwi, inakaribishwa. Bisha hodi mara mbili." Hodi ya kwanza, unakanyaga klachi unatoa gia, unaachia klachi gari ikiwa haina gia. Hodi ya pili, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukishuka gia, katikati ya hodi hizo unakanyaga mafuta kidogo. "Ukisukuma mlango wa watu bila hodi, mama, utawakuta wanavaa. Utamlaumu nani?"

Nilizunguka uwanja wa mnada na yeye pembeni yangu mpaka nikatamani kulia. Nikipiga hodi moja ananipiga kofi la hewani. Siku niliyoshuka kutoka ya tatu mpaka ya pili bila gari kusema neno, alitazama nje dirishani akasema, "Haya. Watoto wako watakula." Na kweli, Doto na Kulwa wamesoma kwa mchele na dagaa niliouza machimboni Rwamgasa kwa landrova ile.

Alikuwa na maudhi yake. Mtu aliyejua magari namna ile hakuwahi kuwa na gari. Alikuwa na baiskeli, na hata hiyo aliisukuma zaidi ya kuipanda. Lifti hakuipenda. Safari moja alikuwa anatoka Bugarama kwenye lori la mtu, dereva akasaga gia mara ya kwanza, Fundi akavumilia. Akasaga mara ya pili, Fundi akagonga bodi, akashuka porini na kifurushi chake, akatembea. Alifika siku iliyofuata miguu imechubuka. Nikamwambia, wewe una wazimu. Akasema afadhali miguu iume kuliko moyo.

Kahama kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipuri, wakipendana kwa kutukanana. Fundi akiletewa gia mpya anafumba macho, anaipitisha vidole vya kushoto jino kwa jino, anairudisha: hapana, lete nyingine. Mzee anapandisha miwani. "Fundi, wewe nunua gia ama oa?" Fundi anajibu, "Mke unaweza kumvumilia." Wateja wengine wanasubiri. Hawakuwahi kuharakishana, wale wawili, hata duka lijae.

Na ulimi wake ulikuwa mkali. Alikuja mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, tumbo mbele, amenunua gari juzi juzi, analalamika kwamba gia inatetemeka mpaka bega linamuuma. Fundi akaweka mkono wake. Akautoa. Akamwambia, hebu weka wa kwako. Yule bwana akaweka, kweli kirungu kinacheza. "Sasa zima injini." Akazima. Kirungu kikaendelea kucheza, kwa sababu yule bwana gari alikuwa analiogopa na mkono wake ulikuwa unatetemeka wenyewe. "Imezimwa, baba," Fundi akasema, watu tumejaa bandani. "Anayetetemeka sasa ni nani?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tangu hapo likawa neno la Runzewe. Mtu akilalamika hovyo, anaambiwa: zima injini kwanza tuone mgonjwa ni nani.

Ningejua lile neno litamrudia vipi, nisingecheka.

Sasa nieleze habari ya moto, maana humo ndimo mkono ulimopotelea.

Kwetu huku moto haunyimwi mtu. Jirani akija asubuhi na kigae, unampa kaa hata kama jana mmetukanana. Chumvi utamnyima, maji utamnyima kiangazi kikiwa kikali, moto hapana. Fundi alikuwa na tanuri la udongo nyuma ya banda, ndani ya kijumba cha matofali chenye mlango wa mbao, na feni ya kupuliza aliyoitengeneza kwa ringi ya baiskeli. Hapo alipashia beringi, akajazia shaba zile uma za gia zilizolika. Moto wake ulikuwa mkali kuliko wowote Runzewe, na kila mtu alijua.

Wachimbaji nao wakajua. Dhahabu yetu hii ikisagwa inatoka unga tupu, hivyo wanaimwagia zebaki, zebaki inaukusanya ule unga unakuwa tonge la kijivu. Halafu unalichoma. Zebaki inakwenda na moshi, dhahabu inabaki. Kule machimboni kuchoma ni hatari, macho ni mengi, mabroka wamekaa kama kunguru. Kwa hiyo vijana wanafunga tonge kwenye kitambaa, wanapanda lolote linalokuja Runzewe, wanabisha kwa Fundi: "Shikamoo mzee, tunaomba moto."

Marahaba, karibuni ndani. Mtu aliyetukana madereva kutwa nzima, kwa wale vijana wa matope alikuwa mwingine kabisa. Hakuwadai chochote. Moto hauuzwi, alisema. Mlango ukafungwa, kwa sababu dhahabu haipendi macho, huo ndio ulikuwa utaratibu wa wachimbaji na hakuna aliyeuhoji. Dirisha nalo likazibwa kwa gunia. Na kwa kuwa Fundi hakumruhusu kiumbe yeyote kugusa feni yake, yeye mwenyewe ndiye aliyekaa mbele ya tanuri akizungusha. Kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliufanya kuwa wa koleo, maana kugeuza kijiko cha chuma chenye tonge kulitaka mkono mwepesi.

Nilipita pale jioni nyingi nikasikia vicheko nyuma ya mlango ule. Mkewe alikuwa ametangulia zamani, watoto hakujaliwa. Vijana walimletea miwa, walimletea kuku wakipata, walimwita baba. Akitoka humo jasho linamtiririka, uso umechangamka, namwona kama kijana wa harusi. Moshi wenyewe hauna harufu. Hauwashi macho. Moshi wa kuni ungemfukuza, angekohoa akatoka nje, huo wala. Miaka ikapita hivyo.

Chai ndiyo iliyoniambia kwanza. Alikuja kwangu Jumapili, akainua kikombe, kikamwagikia sahanini. Akasema, "Mama Doto, unajaza vikombe kama unauza." Nikacheka. Jumapili nyingine nikamjazia nusu, kikamwagika vilevile, akakiweka chini. Nami, niliye na mdomo, nikanyamaza.

Kisha likaja lori la pamba. Akaweka mkono, akafumba macho, akakaa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akasema beringi ya nyuma. Wakashusha giaboksi, beringi nzima. Akasema basi ni shafti. Wakafungua tena, shafti nzima. Dereva wa watu hakumtukana, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi: alimwambia kwa upole, pumzika mzee, tutapeleka Kahama. Fundi aliingia kwenye kijumba chake akafunga mlango, na hapakuwa na mtu wa dhahabu siku hiyo.

Akabadilika. Yule mwenye matusi akawa na haya kama mwali. Ukimwangalia anaficha mikono kwapani. Fizi zikawa zinamtoka damu, vitu anasahau, analia ovyo halafu anakukasirikia kwa kumwona analia. Watu wakaanza: anakunywa. Fundi! Ambaye hata togwa iliyochacha hakuitia mdomoni. Wengine wakasema amerogwa na mafundi wa barabara ya Bukombe wanaomwonea wivu. Hilo akaliamini, au alichoka akahitaji la kuamini. Akaenda kwa mganga.

Aliporudi nilimwona nikashindwa kujizuia, nikalia pale pale barabarani mbele za watu. Ule mkono aliokuwa hataki uguswe na hata waya, alikuwa ameupeleka kwa hiari yake ukachanjwa. Chale kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole, zimepakwa dawa nyeusi. Akanitazama. "Usilie, mayo. Labda itasaidia."

Haikusaidia. Nikampakia kwenye landrova kwa nguvu, nikampeleka hospitali ya wamisionari. Daktari alimuuliza kama anakunywa, akasema hapana. Akamuuliza kazi, akasema gia. Akamuuliza tena na tena, mpaka lile la moto likatoka, na mlango, na gunia la dirishani. Daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza kwa Kiswahili cha taratibu kwamba ile zebaki haikuwa ikienda popote. Ilikuwa inamwingia yeye.

Mimi ndiye niliyeuliza kama mkono utarudi. Daktari akasema hatatudanganya. Akikaa mbali na ule moshi huenda ukapungua kidogo. Kurudi kama zamani, hapana.

Fundi hakuuliza habari ya mkono. Aliuliza, "Na wale vijana?"

Aliporudi akabomoa mlango. Kweli, aliung'oa na bawaba zake, gunia akalichoma. Vijana walipokuja akawaambia, moto huu hapa, lakini nautoa nje, mchomee kwenye upepo na mkae upande upepo unakotokea. Wakamwona mzee amechanganyikiwa. Kuchoma dhahabu hadharani! Wakamwamkia kwa heshima zote, wakaondoka, wakatafuta mtu mwingine mwenye mlango. Wakampata. Kuku wakaenda huko na vicheko vikaenda huko, na yule waliyemwita baba akabaki na tanuri lililopoa.

Mara ya mwisho kukutana naye vizuri ilikuwa mwanzo wa masika. Landrova ilikuwa imeanza tena kuichomoa ya pili. Kahama waliniambia giaboksi imekufa, nitafute nyingine. Nikasema siichinji gari kabla hajaiona Fundi mwenyewe. Kusema kweli nilikwenda pia kwa sababu tangu hospitali hakuna aliyempelekea gari, nikaona hiyo ni dhambi.

Nilimkuta amekaa kwenye kreti la soda nje ya banda. "Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Imechomoka?"

"Imechomoka."

Akasimama. Haya zake zote nikaziona zinapigana na furaha yake. Akaenda kwenye bomba, akanawa mkono wa kushoto kwa sabuni, kwa taabu, sabuni ikimponyoka, nami nikageukia barabarani nisimwone. Akapanda kwenye usukani. Mimi nikakaa upande wa pili. Akawasha, akafumba macho, akaweka mkono juu ya gia.

Kirungu kilicheza kama mahindi kikaangoni. Akakaza vidole. Kikazidi. Tulikaa hivyo, mimi na yeye na injini ile inayopiga. Kisha, bila kufumbua macho, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Doto, zima injini."

Nilitaka kukataa. Funguo ilikuwa karibu na goti lake. Nikanyoosha mkono, nikazima.

Kuku wa jirani wanaparura. Na kirungu kinaendelea kugonga, taratataa taratataa, ndani ya gari iliyozimwa.

"Haya," akasema Fundi. "Mgonjwa tumemjua."

Wala hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Akaniacha nimalize, akashuka, akazunguka mbele ya gari akija kufungua mlango wangu. "Hama. Endesha wewe. Ibane kwa kiganja, usiibane kwa goti, halafu uniambie."

Nikaendesha mpaka kwenye kale kamteremko ka karavati, gia ya pili, mguu nikautoa kwenye mafuta. Yeye pembeni, mikono yote miwili ameibana katikati ya magoti, macho yake kwenye mkono wangu.

"Inapiga kabla ya kutoka? Inakusukuma na kukuvuta?"

"Haipigi."

"Usikimbilie kujibu. Fumba macho."

"Fundi, naendesha gari!"

"Basi fumba ya moyoni."

Nikajaribu tena. Na kweli, baada ya miaka yote ile, nikaisikia. "Haipigi. Inateleza tu polepole. Kama mtoto anayechopoka mkononi ukiwa sokoni, hataki ujue."

Akashusha pumzi ndefu. "Giaboksi yako nzima. Ni springi. Kuna springi na gololi ubavuni zinazoishika ile gia ikae. Imechoka. Hata kuishusha hawana haja, wafungue nati moja ubavuni waweke mpya." Akanigeukia. "Umesikia vizuri, mayo. Umesikia vizuri sana."

Tulirudi polepole. Tulipofika mbele ya kile kijumba kisicho na mlango, nikalisema lililonikaa moyoni tangu hospitali. "Lakini Fundi, kwa nini hukuwanyima tu ule moto?"

Alinitazama kama nilivyokuwa natazamwa zamani nikipiga hodi moja. "Ningewanyima moto? Mimi?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Ningejua, ningefungua mlango tu. Basi. Ningefungua mlango."

Akashuka. Akazunguka mpaka dirishani kwangu, akasimama. Halafu akanipa mkono. Wa kushoto. Mtu mwingine yeyote angenipa huo ningemuuliza kama mama yake hakumfunza. Nikautoa wangu kwenye usukani, nikaona hautoshi, nikautoa na wa pili, nikaupokea kwa yote miwili, na chale zake, na harufu ya sabuni ya mche. Nikaushika nikisubiri utulie.

Haukutulia. Akauchukua mwenyewe taratibu, akaurudisha kwapani. "Nenda, Mama Doto, mvua inakuja."

Nikawasha. Nikabisha hodi mara mbili, nikaingiza ya kwanza, nikaondoka.